Tovuti ya Shamba Lako: Jinsi ya Kuchagua Plagini za Kuaminika

Leo tunaweka pembeni kantangaze na viwavijeshi, maana tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, maswali ninayopata hapa Kigongo yamebadilika. Zamani mnunuzi wa Sengerema au Geita alikuwa anasubiri kivuko. Sasa anavuka kwa dakika chache, na kabla hajavuka anataka kuona bei na picha za mzigo kwenye simu yake. Ndo maana wengi mmefungua tovuti, na karibu zote nilizoziona zimejengwa kwa WordPress. Hapo sina neno. Shida inaanzia kwenye plagini.

Plagini, au programu jalizi kwa Kiswahili cha ofisini, ni kipande cha programu unachokiongeza ili tovuti ifanye kazi fulani: kupokea oda, kutunza nakala, kuonyesha picha. Ikishaingia ndani, inaweza kusoma na kubadilisha karibu kila kitu, kuanzia bei zako mpaka namba za simu za wateja. Ni kama kibarua uliyemkabidhi ufunguo wa stoo siku ya kwanza.

Kuna kijana anafuga sato kwenye vizimba, sitamtaja. Alipewa bure plagini ambayo kwa kawaida inauzwa, imekrakiwa, akaipata kwenye kundi la mtandaoni. Wiki chache baadaye mteja akamwandikia: "Mbona tovuti yako inanipeleka kwenye mambo ya kubeti?" Yeye akifungua haoni kitu, kila kitu kiko sawa. Tulipofungua kwa simu nyingine ambayo haijaingia kwenye akaunti yake, kweli, kubeti tupu. Oda za wiki nzima zilipotea, na kuna mnunuzi wa jumla ambaye hakurudi tena.

Mchezo huo wa kumficha mwenye tovuti si mgeni. Mwaka 2017 plagini moja maarufu, Display Widgets, iliuzwa kwa mtu mwingine. Ilikuwa kwenye tovuti kama 200,000. Mmiliki mpya akaingiza matangazo ya siri ambayo mtu aliyeingia kwenye akaunti ya tovuti hakuyaona, wageni tu ndo waliyaona. Mwishowe WordPress wakaiondoa kabisa kwenye orodha yao. Kwa hiyo kila mwezi fungua tovuti yako kwa simu ya jirani.

Sasa, kukagua. Unaponunua mbegu unatazama lebo ya TOSCI, hununui kwenye mfuko usio na jina. Plagini nazo zina lebo. Kwenye orodha rasmi ya wordpress.org kila moja ina ukurasa wake, na mimi ninaanza na tarehe ya mwisho ya kusasishwa. Ikiwa imepita zaidi ya mwaka, mara nyingi ninaiacha, hata kama ina nyota tano. WordPress yenyewe inabadilika, na plagini isiyotunzwa ni banda lisilofanyiwa usafi: leo hakuna ugonjwa, kesho upo. Ukiona onyo la juu kwamba haijajaribiwa na matoleo makubwa matatu ya karibuni ya WordPress, achana nayo.

Kisha soma sehemu ya maswali ya watumiaji. Usiangalie sifa, angalia malalamiko, halafu tazama kama mtengenezaji anajibu. Anayejibu wiki hii atakuwepo tovuti yako ikikwama.

Idadi ya watumiaji inasaidia, lakini isikulaze usingizi. Septemba 2020 plagini ya File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, iligundulika kuwa na tundu: mtu aliweza kupandisha mafaili yake kwenye tovuti yako bila nywila yoyote. Marekebisho yalitoka haraka, lakini aliyechelewa kusasisha alibaki wazi. Tangu Agosti mwaka huohuo WordPress ina kitufe cha kusasisha plagini zenyewe kwa zenyewe. Kiwashe, bando linalotumika ni la seva, si la kwako.

Zipi hasa? Kwa shamba dogo la biashara mimi ninaona mbili zinatosha kuanzia. Ya kwanza ni ya nakala ya akiba. UpdraftPlus ya bure inaweza kupeleka nakala Google Drive, nje ya tovuti yenyewe. Ya pili ni ya fomu ya oda. Contact Form 7 ni nyepesi, ila ujue jambo moja: yenyewe haihifadhi oda, inazituma kwa barua pepe tu. Barua pepe ikigoma, oda imepotea, kwa hiyo ijaribu kwa kujitumia oda mwenyewe. WooCommerce ni duka kamili, na kwa mtu anayeuza nyanya na vitunguu tu ni kama kukodi fuso kubeba tenga moja. Kiungo cha wasapu hakihitaji plagini yoyote.

Fomu yenyewe iulize jina, simu na kiasi, basi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na namba za wateja wako zimo humo. Plagini inayotaka kupeleka taarifa hizo kwenye seva ya mtu usiyemjua, ikatae.

Na zile ulizojaribu ukaziacha: kuzizima hakutoshi, mafaili yake bado yapo na tundu likiwepo bado linaweza kutumika. Chukua nakala ya akiba kwanza, kisha zifute kabisa. Ukikuta ambayo huikumbuki uliiweka lini, anza na hiyo.