Usawiri wa Hofu katika Tenzi za Vita: Mfano wa Pwani ya Kusini mwa Tanzania

Makala haya yanafafanua namna watunzi wanavyoidhihirisha hofu katika tenzi za vita, kwa kurejelea pwani ya kuanzia Lindi na Mikindani hadi mlango wa Mto Ruvuma. Kielelezo chake ni Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa 1933 na kutolewa tena 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley.

Vita hivyo vilianza Umatumbi Julai 1905 na kufika Masasi mwezi uliofuata. Wapiganaji walipewa dawa ya maji iliyoaminiwa kuzigeuza risasi kuwa maji. Kwa hiyo, maji yalikuwa kinga ya mwili na pia tiba ya woga. Kinga iliposhindwa, hofu iliyokuwa imetulizwa ilirejea. Kisha ikaja hofu ya pili, isiyo na mlio wa bunduki: njaa iliyotokana na kuteketezwa kwa mashamba na maghala. Gilbert Gwassa alikadiria kuwa watu kati ya 250,000 na 300,000 walikufa. Mtunzi wa mada hii, basi, hukabiliwa na hofu ya ghafla na hofu ya polepole.

Kiswahili humpa msamiati wa kuzitofautisha. Woga huweza kuhesabiwa kuwa aibu. Hofu humpata hata shujaa. Wasiwasi hutangulia tukio. Kicho huelekezwa kwa Mungu. Aidha, hisia hujengwa kupitia mwili: roho huwa juu, tumbo huwa joto, moyo huenda mbio. Lugha hiyo humwezesha msikilizaji kuitambua hofu kwa dalili zake kabla haijatajwa.

Umbo la utenzi nalo huchangia. Ubeti wa vipande vinne, kila kimoja chenye mizani minane, hauachi nafasi ya maelezo marefu. Habari hufuatana kwa kasi, kama wajumbe wanaopishana mlangoni. Kina cha mwisho, kinachorudi katika kila ubeti, huweza kuzidisha taharuki au kuituliza. Dua za ufunguzi na za tamati huizungushia hofu ya wanadamu kicho cha Mungu, hivyo simulizi ya maangamizi haiishii katika kukata tamaa.

Ipo pia hofu ya kusema. Mtunzi aliye chini ya utawala wenye silaha hupima maneno yake, na fumbo humpa stara. Kwa jamii ya mabaharia, jazanda ya chombo kilichokumbwa na dhoruba huweza kubeba lawama ambayo kauli ya wazi ingeiweka hatarini. Hivyo, kimya cha utenzi kinastahili kuchunguzwa sawa na kauli zake.

Suala hili si la kale tu. Oktoba 2020, kijiji cha Kitaya, ukingoni mwa Ruvuma, kilishambuliwa na wapiganaji waliotoka ng'ambo ya mto, Msumbiji. Taarifa za matukio ya namna hiyo huhesabu waliouawa na nyumba zilizochomwa. Aliyelala porini akisikiliza kila mchakacho hana safu yake katika hesabu hiyo. Ushairi humpa nafasi. Uhakiki unaotafuta ushujaa pekee katika tenzi za vita huwasoma waliosimama na kuwaacha waliokimbia, ilhali mara nyingi waliokimbia ndio waliobaki kusimulia.