Viti vya Mbarara, vijana wa Nakivale

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, vyuo vikuu binafsi vya Mbarara na viunga vyake huingia sokoni. Chuo Kikuu cha Bishop Stuart cha Kanisa la Uganda, kilichopo Kakoba, tawi la Uganda Martyrs la Kanisa Katoliki, na Kampala International chenye kampasi ya magharibi kule Ishaka, kilomita 60 hivi kutoka mjini, vyote huwania kundi lilelile. Ni vijana wenye angalau masomo mawili makuu waliyofaulu, waliokosa udhamini wa serikali katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilichofunguliwa 1989, na ambao kwao kuna ng'ombe au shamba la matoke la kuuza karo ipatikane. Wakati huohuo, mwendo wa kilomita 50 au 60 kuelekea wilaya ya Isingiro, yapo makazi ya Nakivale yenye watu zaidi ya 150,000. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na sasa yanakaliwa na Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo, wengi wao wakielewana kwa Kiswahili. Hoja yangu ni kwamba biashara ya elimu ya juu ya Mbarara imezoea kuiona Nakivale kama mahali pa sadaka, si mahali pa wateja, na kwamba mazoea hayo yanawatia hasara vijana wa kule na vyuo vyenyewe.

Tuanze na hesabu ya chuo, maana ndiyo inayoamua. Chuo binafsi hapa kwetu hakina ruzuku ya maana wala hazina ya wahisani. Kinaishi kwa karo. Mishahara ya wahadhiri, umeme wa maabara na rangi ya ukuta vyote hutoka humo. Lakini gharama hizo haziongezeki kwa kila kichwa kinachoingia darasani. Mhadhiri wa ualimu au biashara hulipwa yaleyale akifundisha watu 22 au 40. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, karo ni shilingi milioni 1 kwa muhula na darasa la viti 40 limepata wanafunzi 22. Wakiongezeka 10 wanaolipa laki 6 kila mmoja, chuo kimepata milioni 6 ambazo zisingekuwepo, na matumizi yake yameongezeka kidogo tu. Aliyeshikilia bei kamili na kubaki na viti 18 vitupu hakulinda chochote. Kwa masomo ya udaktari na uuguzi hesabu hii haisimami hivyo, kwa sababu vitanda vya hospitali na wasimamizi wa mafunzo vina kikomo. Kwa ualimu, biashara, maendeleo ya jamii na kompyuta, inasimama.

Sasa mtazame kijana wa Nakivale aliyemaliza sekondari. Mbele yake kuna milango miwili, na mmoja ni mwembamba mno. Mikopo ya bodi ya serikali, iliyoanza 2014, ni ya raia wa Uganda. Nafasi 4,000 hivi ambazo serikali hudhamini kila mwaka katika vyuo vya umma ni za raia pia. Kwa mkimbizi unabaki mpango wa DAFI, ambao Ujerumani imeufadhili kupitia UNHCR tangu 1992, pamoja na ufadhili mwingine wa hapa na pale. DAFI ni mpango mzuri kwelikweli: hulipa karo, malazi, nauli na vitabu. Lakini waombaji ni wengi na nafasi ni chache. UNHCR ilijiwekea lengo la kufikisha asilimia 15 ya vijana wakimbizi duniani katika elimu ya juu ifikapo 2030. Mwaka 2019 walikuwa asilimia 1 tu, na hata kwa takwimu za 2023 walikuwa asilimia 7. Aliyekosa DAFI huambiwa alipe bei kamili. Kati ya bure kabisa na bei kamili hakuna kitu, na hapo katikati ndipo familia nyingi zenye uwezo mdogo zilipo.

Atakayesema mkimbizi hana uwezo wowote hajafika Base Camp ya Nakivale siku ya soko. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa 2014, ulioongozwa na Alexander Betts, ulipita Nakivale, Kyangwali na Kampala na kukuta watu wanaofuga, wanaosaga nafaka, wanaouza vitenge na simu, wanaopokea fedha kutoka kwa ndugu walio ng'ambo. Mwaka 2020 UGAFODE, taasisi ya fedha inayokopesha watu wa kipato cha chini, ilifungua tawi ndani ya Nakivale. Wakopeshaji hawaendi mahali wasipotarajia kulipwa. Uwezo upo, ila ni wa vipande vidogo vinavyokuja kwa nyakati zake, na vyuo vinadai kwa nyakati nyingine.

Hapo ndipo penye jambo ambalo waandishi wa sera hulipita haraka. Soma barua ya udahili ya kawaida. Juu kuna pongezi na jina la kozi. Chini yake kuna karo, kisha orodha ya ada ndogondogo: usajili, kitambulisho, maktaba, mtihani, chama cha wanafunzi, matibabu. Halafu inakuja tarehe, na onyo kwamba asiyemaliza malipo hapewi kibali cha mtihani. Sasa weka barua hiyo mezani kwa mzazi anayelima maharage na mahindi. Nyanda hizi zina misimu miwili ya mvua, na mavuno huja karibu na Juni na Julai, kisha Desemba na Januari. Mihula nayo hufunguka Agosti na Januari. Mtu angedhani ni bahati njema, kumbe ndiyo balaa lenyewe: mavuno yakitoka kwa wakati mmoja, bei huanguka, na mzazi hulazimika kuuza gunia wiki ileile ambayo kila jirani yake anauza. Angengoja miezi miwili au mitatu angepata zaidi kwa gunia lilelile. Chuo kinachopokea robo ya karo mwanzoni na iliyobaki kwa awamu hadi kabla ya mtihani kimempa mzazi huyo punguzo bila kutoa hata shilingi. Muuza matoke wa Isingiro huvuna mwaka mzima, kwa hiyo ratiba ya sasa haimuumi sana. Na ni yeye iliyemlenga.

Kikwazo kingine ni karatasi. Mzazi kutoka Bukavu husema mwanawe ana diploma, naye anasema kweli: Kongo, diploma ya serikali ni cheti cha kumaliza sekondari. Karani wa udahili anasikia diploma ya chuo ya miaka miwili, na mazungumzo yanapotea hapohapo. Cheti chenyewe kimeandikwa kwa Kifaransa, na alama zake ni za asilimia, si herufi za Uganda. Ni lazima kitafsiriwe, kisha Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB, likilinganishe na vyeti vya hapa. Makao yake yako Kampala, kilomita 270 hivi kutoka Mbarara. Nauli, tafsiri na ada ya ulinganisho hulipwa kabla kijana hajajua kama atakubaliwa. Chuo kingeweza kukusanya vyeti vya watu 30, kuvipeleka kwa pamoja, na kukata gharama hiyo katika karo ya wanaojiunga. Nadhani hakuna fedha ya ufadhili inayoweza kuzaa wanafunzi wengi kuliko hii, na ni ndogo sana. Wanaovuka mpaka sasa, baada ya waasi wa M23 kuteka Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, wengine wamo katikati ya masomo au wameshamaliza sekondari, vyeti vimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Yapo mapingamizi ya haki. La kwanza ni kwamba punguzo huzoeleka. Marekani, vyuo binafsi sasa hupunguza zaidi ya nusu ya karo iliyotangazwa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, vikinyang'anyana wanafunzi kwa njia hiyo. Onyo hilo nalichukua kwa uzito. Lakini vile vyuo vinagombea walewale waliokuwa tayari kulipa. Hapa tunazungumzia watu ambao wasingekuja kabisa, na punguzo linaweza kufungwa kwenye viti visivyojaa na kutangazwa wazi, si kunong'onwa ofisini. La pili linasema ni dhuluma kwa mtoto maskini wa Isingiro. Ni kweli angedhulumiwa, kama angeachwa nje. Miradi ya makazi imezoea kutenga asilimia 30 ya huduma kwa wenyeji, na mfuko wa karo unaweza kufuata kanuni hiyohiyo. La tatu ni njaa: Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula lilipunguza wanaosaidiwa nchini kutoka milioni 1.6 hadi 663,000, na nyumba isiyo na unga haiwazi muhula. Hili ndilo zito kuliko yote. Linamaanisha wateja watakuwa wachache kuliko mhasibu anavyotamani, na kwamba chuo kinachoingia Nakivale kwa mategemeo ya faida ya haraka kitatoka kimekata tamaa. Halibadilishi ukweli kwamba kiti kitupu hakimlishi mtu.

Linabaki suala la bei ya mgeni. Vyuo kadhaa hutoza wanafunzi wa nje zaidi ya raia. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi, katika elimu iliyo juu ya ile ya msingi, angalau haki zilezile wanazopewa wageni kwa jumla, ikiwemo katika kusamehewa ada. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, Somalia 2024. Burundi na Rwanda zimo tangu 2007. Wengi wa wakazi wa Nakivale sasa ni raia wa nchi za Jumuiya, na chuo kinachomtoza Mkongomani kana kwamba katoka bara jingine kinajifukuzia mnunuzi aliye mlangoni.

Gharama ya kuanza ni ndogo: ofisa mmoja, meza moja Base Camp siku ya soko kabla ya udahili wa Agosti, na karatasi moja ya Kiswahili inayoonyesha bei yote ya shahada tangu usajili hadi joho la mahafali, kila awamu na mwezi wake. Mzazi akiishika karatasi hiyo ataweza kuhesabu magunia.