Kutambua Sura ya Herufi katika Tangazo la Zamani la Kiswahili: Mfano wa Nizi, Ituri

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtafiti wa Kiswahili anavyoweza kuitambua sura ya herufi asiyoijua katika tangazo lililopigwa chapa, na jinsi utambuzi huo unavyosaidia kukisia tarehe ya tangazo. Kwa "sura ya herufi" tunamaanisha umbo la pamoja linalozifanya herufi zote za seti moja zifanane kama ndugu wa tumbo moja, na kutofautiana na za seti nyingine.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili linahusu nini taaluma ya lugha? Jibu ni kwamba matangazo ya biashara ni miongoni mwa maandishi machache yanayotuonyesha Kiswahili cha kila siku kilivyoandikwa na watu wasiokuwa wamisionari wala maofisa. Lakini aghalabu hayana tarehe. Mtafiti akilipa tangazo la 1970 tarehe ya 1948, atadai kwamba neno fulani au tahajia fulani ilitumika miaka ishirini na zaidi kabla ya wakati wake, na kosa hilo litarithiwa na wote watakaomnukuu.

Tumeichagua Nizi kwa sababu maalumu. Mji huo uko kaskazini ya Bunia, katika eneo la machimbo ya dhahabu ya Kilo, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1903. Kampuni ya Kilo-Moto, iliyoundwa mwaka 1926, ilikusanya wafanyakazi wa makabila mengi, na Kiswahili cha Kongo, kiitwacho pia Kingwana, kikawa lugha ya kuwaunganisha kazini na sokoni. Vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003 viliwahamisha watu wengi, na nyumba zilipoungua karatasi zilizokuwamo ziliungua pia. Katika mahali pa namna hiyo karatasi moja iliyosalia sandukuni ina thamani kubwa, na yafaa ihojiwe kwa uangalifu.

2.0 Je, ni herufi za chapa au za mkono?

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwamba herufi zilizo mbele yetu ni za chapa. Matangazo mengi yalichorwa na mafundi wa mkono, kisha mchoro mzima ukanakiliwa. Herufi zilizochorwa hazina jina la kutafutwa.

Kipimo chake ni rahisi. Tazama herufi moja inayojirudia. Zikiwa za chapa, a zote za ukubwa mmoja zitakuwa na umbo moja, isipokuwa kwa kasoro za uchakavu au wino. Zikiwa za mkono, kila a itakuwa na tofauti yake. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi, kwa kuwa silabi zake huishia kwa irabu, na irabu a ndiyo itumikayo zaidi. Neno moja tu, kahawa, linatupa a tatu za kulinganisha.

Baada ya hapo geuza karatasi na uipapase upande wa nyuma. Herufi za risasi hukandamiza karatasi, na mara nyingi huacha alama inayosikika kwa kidole. Chapa ya ofseti haiachi alama hiyo. Tofauti hii tutaihitaji tutakapofika kwenye tarehe.

3.0 Herufi zipi zitazamwe?

Miongozo ya utambuzi wa sura za herufi imetungwa kwa ajili ya wasomaji wa lugha za Ulaya. Huanza na mkia wa Q, huendelea na alama ya & na kadhalika. Lakini Kiswahili hakina q wala x katika alfabeti yake, na alama ya & ni adimu ndani yake. Anayefuata miongozo hiyo neno kwa neno atabaki mikono mitupu. Inafaa tutazame herufi ambazo Kiswahili kinatupa kwa wingi: K, M, a, t na j.

Swali la kwanza huhusu serifi, yaani vile vistari vidogo vinavyofunga ncha za herufi. Zikiwepo, tuko katika ukoo wa herufi za vitabu. Zisipokuwepo, tuko katika ukoo uliopendwa sana na matangazo ya karne ya 20. Tuchukue mifano ya ukoo huu wa pili.

Futura ilichorwa na Paul Renner na kutolewa Ujerumani mwaka 1927. Ufaransa iliuzwa kwa jina la Europe. Herufi ndogo a ni duara lenye mstari ubavuni, bila kichwa juu yake. Herufi j ni mstari ulionyooka wenye nukta, bila ndoano chini. Miguu ya M imetanuka. Mwaka 1957 zilitokea sura mbili ambazo wengi huzichanganya: Helvetica ya Uswisi, ambayo mwanzoni iliitwa Neue Haas Grotesk, na Univers ya Adrian Frutiger, iliyotolewa Paris. Zote mbili zina a yenye kichwa. Herufi K huzitenganisha: katika Univers mikono miwili ya K hukutana kwenye mstari wa wima mahali pamoja, ilhali katika Helvetica mguu wa chini huchipuka kutoka kwenye mkono wa juu. Arial, iliyochorwa mwaka 1982, hufanana na Helvetica kwa mbali, lakini ncha ya juu ya t yake imekatwa mshazari. Katika lugha yenye k na t nyingi kama Kiswahili, vipimo hivi hupatikana karibu katika kila mstari.

Kwa Kongo, nchi ambayo kazi nyingi za ofisi na biashara ziliendeshwa kwa Kifaransa, yafaa pia kuzijua sura za Roger Excoffon, zilizosubiwa na kiwanda cha Olive huko Marseille. Banco ya 1951 ina herufi kubwa tu, zenye mistari minene inayopungua kuelekea chini. Mistral ya 1953 huiga mwandiko wa mkono, na herufi zake hushikana. Choc ya 1955 huiga brashi nene. Mistral ndiyo inayowadanganya wengi wakidhani wanaona mwandiko halisi. Lakini mtu akilinganisha a kwa a, kama tulivyoeleza, siri hufichuka.

4.0 Suala la k ya kuazima

Kuna jambo moja linalohusu Kiswahili hasa. Wapiga chapa wa Kifaransa walinunua herufi za risasi kwa hesabu maalumu iliyoitwa police: e nyingi, s nyingi, na k na w chache sana, kwa kuwa Kifaransa hakizihitaji. Tujaribu kupima. Sentensi ya Kifaransa "Café et sucre en vente dans notre magasin" ina herufi 34, wala haina k, w au y hata moja. Sentensi ya Kingwana yenye maana iyo hiyo, "Kahawa na sukari iko mu duka yetu", ina herufi 27. Kati yake a ni 6, k ni 4, na w na y ni moja moja.

Basi mpangaji wa herufi anayepanga Kiswahili kutoka katika kasha lililojazwa kwa hesabu ya Kifaransa huishiwa na k mapema. Afanyeje? Ataazima k kutoka kasha la sura nyingine yenye ukubwa uleule. Hivyo mtafiti akikuta k isiyofanana na wenzake, asiharakishe kusema kwamba sura yenyewe ni ngeni au kwamba karatasi ni ya kughushi. Aitenge k hiyo, atambue sura kwa herufi zilizobaki, kisha airudie. Karatasi mbili zenye k ya kuazima iliyo sawa, katika sura ileile, yumkini zilitoka katika chumba kimoja cha chapa.

Hoja hii si ya kubahatisha. Mwaka 1934 John Carter na Graham Pollard walichapisha uchunguzi wao kuhusu vijitabu vya Kiingereza vilivyodaiwa kuwa vya katikati ya karne ya 19. Kimojawapo kilibeba mwaka 1847. Waligundua kwamba karatasi yake ilikuwa ya aina isiyotengenezwa wakati huo, na kwamba herufi f na j zilikuwa na umbo lililobuniwa miongo kadhaa baadaye. Zaidi ya hayo, alama ya kuuliza haikuwa ya seti ileile. Mchanganyiko huo ndio uliowaelekeza kwenye kiwanda cha Richard Clay, na hatimaye kwa Thomas J. Wise, mkusanyaji mashuhuri wa vitabu. Alama moja ngeni iliwafaa kama alama ya kidole.

5.0 Kutoka jina hadi tarehe

Jina la sura likishajulikana, hutupa mpaka mmoja tu wa tarehe: karatasi haiwezi kuwa ya kabla ya sura yenyewe kuuzwa. Halitupi mpaka wa pili. Herufi za risasi hudumu miaka mingi, na sura nzuri huhamishwa kutoka risasi hadi kompyuta. Mistral, kwa mfano, imesambazwa pamoja na programu za ofisi za Microsoft, na bado hutumika.

Mpaka huo wa kwanza nao una masharti. Mwaka 2017, nchini Pakistani, wachunguzi walitilia shaka hati iliyobeba tarehe ya Februari 2006 kwa sababu iliandikwa kwa sura ya Calibri, ambayo umma uliipata pamoja na programu za mwaka 2007. Waliopinga walikumbusha kwamba nakala za majaribio zilikuwapo kabla ya hapo. Funzo ni kwamba tutenganishe mwaka wa kuchorwa, mwaka wa kuuzwa, na mwaka wa kumfikia mtumiaji wa kawaida. Herufi zilizosubiwa Marseille zilihitaji muda kuvuka bahari na kupanda hadi Ituri.

Mpaka wa pili hutafutwa kwenye matini. "Congo Belge" hukoma tarehe 30 Juni 1960. Jina Stanleyville lilibadilishwa kuwa Kisangani mwaka 1966. Bei ya makuta haiwezi kutangulia mwaka 1967. "Zaïre" kama jina la nchi ni la tangu Oktoba 1971 hadi Mei 1997. Mkoa wa Ituri wa sasa ni wa 2015.

6.0 Mfano

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba familia moja ya Nizi inahifadhi tangazo la duka, na wazee wanasema ni la mwaka 1948. Kichwa chake kimepigwa kwa herufi kubwa nene zinazopungua kuelekea chini. Mstari wa kati unafanana na mwandiko wa mkono, lakini a zote ni sawa na zimeshikana na jirani zake kwa namna ileile. Upande wa nyuma kidole kinasikia mikandamizo. Chini pameandikwa "Nizi, Congo Belge".

Kichwa ni Banco, mstari wa kati ni Mistral, na herufi ni za risasi. Mistral inazuia tarehe yoyote kabla ya 1953. Anwani inaelekeza kabla ya katikati ya 1960, ingawa karatasi zilizokwisha kupigwa chapa zaweza kugawiwa hata baada ya nchi kubadili jina. Tumepata kipindi cha miaka saba hivi. Laiti bei ingekuwa ya makuta na mgongo wa karatasi ungekuwa laini, herufi zilezile zingetupeleka baada ya 1967.

Je, wazee wamekosea? Si lazima. Huenda duka lilifunguliwa mwaka 1948 na tangazo likaja baadaye. Kumbukumbu inahusu duka. Ushahidi wa herufi unahusu karatasi. Mtafiti aandike yote mawili, kila moja mahali pake, wala asitumie moja kulifuta jingine.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba utambuzi wa sura ya herufi katika matini ya Kiswahili hauna budi kuanzia kwenye herufi za Kiswahili chenyewe: a za kupima chapa na mkono, K na t za kutenganisha sura zinazofanana, na k ya kuazima inayotaja chumba cha chapa. Siku hizi zipo programu za kompyuta, kama vile WhatTheFont, zinazopendekeza jina kutokana na picha. Zitumiwe, lakini zinatambua zile sura zilizomo katika hifadhi yake tu. Hupotoshwa na wino uliofifia, na hazipapasi mgongo wa karatasi.

Tunapendekeza kwamba kila anayekusanya maandishi ya Kiswahili mashambani apige picha ya pande zote mbili za karatasi, aweke rula pembeni, na aandike maneno ya mwenye nayo kabla ya kuondoka. Karatasi yenyewe ibaki kwa wenyewe. Katika Ituri zilizosalia ni chache, na iliyopewa tarehe isiyo yake huanza kutoa ushahidi wa uongo.