Jenereta Kambini: Moshi Wake Uende Wapi?



Kila mwaka, ifikapo Pasaka na likizo za Juni na Desemba, viwanja vya makanisa na shule huku Kirua Vunjo hugeuka kuwa kambi. Vijana wa kwaya, wanafunzi wa kipaimara, akina mama wa semina na wageni kutoka mjini hukusanyika kwa siku tatu, nne, hata wiki nzima. Wengine hulala madarasani, wengine katika mahema, wengine chini ya maturubai. Umeme wa TANESCO umefika katika vijiji vingi, lakini hukatika, na mara nyingi haufiki kwenye kiwanja chenyewe. Hivyo kamati hukodi jenereta ya petroli kwa ajili ya taa, vipaza sauti na kuchaji simu.

Kamati nyingi hujiuliza maswali mawili tu: Je, ina nguvu ya kutosha? Itakunywa mafuta kiasi gani? Swali la tatu husahaulika, nalo ndilo linalogusa uhai wa watu: moshi wake uende wapi?

Hatusemi jenereta isitumike. Wakazi wa Kilimanjaro tunajua gharama ya kukosa taa salama. Moto wa bweni la Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, uliua wasichana zaidi ya 40. Hakuna anayetaka watoto walale na mishumaa. Tunachosema ni kwamba jenereta ina hatari yake, na hatari hiyo inaweza kuepukwa bila gharama kubwa.

Gesi isiyoonekana

Petroli inapoungua ndani ya injini, haiungui yote vizuri. Sehemu yake hutoka kwenye ekzosi ikiwa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haichomi macho. Harufu tunayoisikia karibu na jenereta ni ya vitu vingine vilivyomo katika moshi. Kwa hiyo mtu anaweza kusema, "Mbona hapa hakuna moshi?" huku akiivuta.

Ikiingia mapafuni, gesi hii huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni. Hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaendelea kupumua kama kawaida, lakini ubongo na moyo wake vinakosa hewa. Aliyelala haamki ajiokoe. Mama mjamzito, mtoto aliye tumboni, watoto wadogo na wenye ugonjwa wa moyo huumia upesi zaidi.

Jenereta ndogo moja ya petroli inaweza kutoa gesi hii kwa wingi sawa na mamia ya magari madogo ya kisasa. Kimbunga Laura kilipopiga Louisiana nchini Marekani mwezi Agosti 2020, gesi ya jenereta iliua watu wengi kuliko maji ya bahari yaliyoletwa na kimbunga hicho. Watu walinusurika dhoruba, wakafa wakitafuta mwanga na feni.

Kwa nini mlimani tuwe waangalifu zaidi

Kwanza, hewa yetu ni nyepesi. Kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko Dar es Salaam au Tanga. Anayetoka pwani kuja kambini ameshaanza na upungufu kabla ya kuvuta moshi wowote.

Pili, injini yenyewe hukosa hewa. Jenereta yenye kabureta iliyotengenezwa kwa matumizi ya pwani, ikipandishwa huku, huchanganya petroli nyingi na hewa kidogo. Matokeo yake ni moshi mweusi zaidi, gesi ya sumu zaidi na nguvu pungufu. Ukiona plagi inajaa masizi kila mara, mwite fundi aisafishe na kurekebisha kabureta.

Tatu, mvua na baridi. Pasaka huangukia masika. Mvua ikianza, watu huvuta jenereta chini ya turubai, kwenye veranda au stoo. Baridi ikizidi, hufunga milango ya hema na madirisha ya darasa. Haya mawili yakikutana usiku mmoja, hatari imekamilika.

Upepo wa mchana na upepo wa usiku

Wakulima wa mlimani wanalijua jambo hili. Mchana jua linapopasha mteremko, hewa hupanda kutoka tambarare kuelekea juu. Jua likizama, hewa ya juu hupoa, inakuwa nzito, na kuanza kushuka taratibu kufuata mabonde na makorongo.

Kamati hupanga kambi mchana. Wanaona upepo unapanda, wanaweka jenereta upande wa juu, moshi unakwenda zake mlimani, wote wanaridhika. Lakini jenereta huwashwa jioni. Saa mbili usiku upepo umegeuka, na moshi uleule unashuka moja kwa moja kwenye mahema. Hakuna aliyeisogeza jenereta. Ni hewa iliyobadili njia.

Kwa hiyo upime upepo saa ambayo jenereta itatumika. Jioni simama mahali unapotaka kuiweka, dondosha majivu makavu au shika kijinga kinachotoa moshi, uone unaelekea wapi. Rudia baada ya saa moja. Kumbuka pia kwamba katikati ya migomba minene hewa haitembei sana, na kwenye shimo au bonde dogo hewa ya usiku hutuama. Moshi ukiingia huko hukaa.

Mahali pa kuweka jenereta

1. Iwe nje, mahali pa wazi. Si ndani ya chumba, stoo, jiko, banda la mifugo wala veranda. Kufungua dirisha au kuweka feni hakutoshi.

2. Iwe mbali. Wataalamu wa usalama nchini Marekani hutaka angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba. Hema halina ukuta wa kuzuia hewa, na upepo wetu hugeuka, hivyo tunashauri mita 15 hadi 20 kutoka mahali watu wanapolala, wanapokaa au wanapopikia.

3. Iwe upande wa chini wa kambi au ubavuni, isiwe juu. Lakini angalia chini kuna nani. Haifai kuondoa moshi kambini na kuupeleka dirishani kwa jirani. Kama nyumba ya jirani iko chini, weka ubavuni.

4. Mdomo wa ekzosi uelekee mbali na watu na mbali na nyasi kavu. Ekzosi hupata moto mkali na huweza kuwasha nyasi au turubai.

5. Kwa mvua, jenga kibanda cha nguzo nne na bati moja juu, pande zote nne zikiwa wazi. Bati liwe mita moja au zaidi juu ya mashine. Inua mashine juu ya mbao au matofali ili maji yasiifikie.

6. Isiwe karibu na mfongo. Petroli ikimwagika huingia katika maji ambayo wengine huko chini wanakunywa na kunyweshea mifugo. Zima mashine na uiache ipoe kabla ya kuongeza mafuta.

7. Kwa hofu ya wezi, ifunge kwa mnyororo kwenye mti au nguzo. Mlinzi akae upande ambao upepo unatokea, hatua kadhaa kutoka kwenye mashine. Asilale karibu nayo ili apate joto.

Umbali unahitaji waya mrefu, na hapa ndipo kamati nyingi hubana matumizi. Kwa mita 30 na mzigo usiozidi wati 2,000, waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 unatosha vizuri. Kama waya umezungushwa kwenye gurudumu, ukunjue wote, kwa sababu ukibaki umezungushwa hupata joto na kuyeyuka. Maungio yainuliwe juu ya ardhi yasilowe. Kazi hii ifanywe na fundi umeme.

Je, tuunge bomba refu kwenye ekzosi?

Swali hili huulizwa sana. Wengine huchomelea bomba la chuma au kuvalisha mpira, kisha mashine ikabaki ndani na moshi ukatolewa nje. Kwa jenereta ndogo ya kubebeka hatushauri hivyo. Mtikisiko wa mashine hulegeza maungio, na gesi huvuja ndani bila mtu kujua. Bomba refu au jembamba huzuia moshi kutoka, injini ikapata joto na kuharibika. Mpira huyeyuka. Bomba likipita karibu na mbao au nyasi huwasha moto. Mitambo mikubwa ya hospitali na hoteli hufungwa mabomba, lakini yale hupimwa na kufungwa na wahandisi katika chumba maalumu. Kwetu sisi, afadhali kurefusha waya kuliko kurefusha ekzosi.

Tutambueje mtu aliyevuta gesi hii?

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na mwili kukosa nguvu. Baadaye mtu huchanganyikiwa, husinzia na kuzimia. Dalili hizi hufanana na za mambo mengi. Mlimani watasema ni malaria, chakula kibaya, uchovu au pombe. Katika kambi ya maombi wengine watasema ni mapepo, na mgonjwa ataendelea kushikiliwa ndani ya hema lilelile lenye gesi. Kuomba si kosa, lakini kwanza mtoeni nje.

Jiulizeni haya: Je, wameugua watu kadhaa kwa pamoja mahali pamoja? Je, hawana homa? Je, wanapata nafuu wakitoka nje na kuumwa tena wakirudi? Je, kuna jenereta inayonguruma au jiko linalowaka karibu? Mkijibu ndiyo, shuku gesi hii mara moja.

Cha kufanya:

- Watoeni wote nje kwenye hewa safi, hata wanaosema hawajambo. Anayeingia chumba kilichofungwa asiingie peke yake; kwanza fungueni milango na madirisha kutoka nje.
- Zimeni jenereta.
- Aliyezimia lakini anapumua, mlazeni kwa ubavu. Asiyepumua, mwenye mafunzo aanze huduma ya kwanza mara moja.
- Msimpe maziwa. Maziwa huenda tumboni. Gesi iko katika damu.
- Wapelekeni hospitali yenye oksijeni. Walio Kirua Vunjo wanaweza kukimbilia Hospitali ya Kilema, au Mawenzi na KCMC mjini Moshi.
- Mwambieni daktari wazi: "Kulikuwa na jenereta." Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni huweza kuonyesha oksijeni ni ya kutosha wakati si kweli, kwa kuwa hakitofautishi damu yenye oksijeni na damu yenye gesi hii.

Katika hewa ya kawaida, mwili huchukua saa 4 hadi 6 kupunguza gesi hii nusu tu. Kwa oksijeni ya hospitali muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Ndiyo maana hakuna sababu ya kusubiri asubuhi.

Usisahau jiko la mkaa

Mkaa hutoa gesi hiyohiyo, bila kelele ya kuwaamsha watu. Kila msimu wa baridi magazeti ya Kenya na Tanzania huandika habari za familia zilizolala na jiko chumbani zisiamke. Kambini jiko lisiingizwe hemani kwa sababu yoyote, hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Baridi itafutiwe blanketi, nguo nzito na uji wa moto.

Panga matumizi mapema

Njia bora ya kupunguza moshi ni kupunguza saa za jenereta. Taa kumi za LED za wati 9 kila moja hutumia wati 90 tu. Taa za kulalia na za njia ya chooni zinaweza kuwa za sola, zikachajiwa mchana. Jenereta ikabaki kwa vipaza sauti vya mkutano wa jioni, saa mbili au tatu, kisha ikazimwa kabla watu hawajalala. Amri hii iandikwe katika ratiba ya kambi pamoja na jina la mwenye jukumu: jenereta izimwe kwanza, ndipo watu walale. Kwa wanaoweza, vipo pia vifaa vidogo vya betri vinavyolia gesi hii inapozidi. Kinafaa kufungwa katika kila chumba cha kulala.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kiwanja chetu, upepo wa saa tatu usiku unatoka wapi na kwenda wapi? Nani ataupima kabla ya kambi ijayo?

2. Waya wetu una urefu gani? Ukirefushwa kwa mita 20 utagharimu kiasi gani, na fedha itoke wapi?

3. Nani kambini amepata mafunzo ya huduma ya kwanza? Usiku tutapata gari gani la kumpeleka mgonjwa, na namba ya dereva iko kwa nani?

4. Mzazi akituuliza mtoto wake atalala umbali gani kutoka kwenye jenereta, tutamjibu nini?