Kulala na Kulaza: Juu ya Baadhi ya Vitenzi vya Kiingereza Wavichanganyavyo Wanafunzi wa Sengerema

Katika shule za sekondari za Wilaya ya Sengerema, kama katika shule nyingi za Tanzania, mwalimu wa Kiingereza husahihisha makosa yale yale mwaka hata mwaka. Mwanafunzi huandika 'lay' pahali pa 'lie', 'raise' pahali pa 'rise', na 'borrow' pahali pa 'lend'. Aghalabu kosa hupigwa mstari mwekundu, na mwanafunzi hudhaniwa kuwa mzito wa kufahamu. Nia ya makala haya ni kuonyesha ya kwamba makosa hayo yana mantiki yake, na ya kwamba dawa ya mengi kati ya hayo imo katika Kiswahili chenyewe.

Yafaa kwanza tuitazame hali ya mwanafunzi huyo. Nyumbani huenda akasema Kisukuma au Kizinza. Katika shule ya msingi ya serikali husomeshwa kwa Kiswahili, desturi iliyoenea nchini tangu 1967. Afikapo kidato cha kwanza, takriban masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Basi akikosea kitenzi, hapotezi alama za Kiingereza peke yake. Hata jawabu lake la jiografia laweza kueleweka kinyume.

Lugha hizo tatu ni za Kibantu, nazo huzaa vitenzi kwa kunyambua. Kwa Kiswahili twasema mtoto amelala, na mama amemlaza. Watu wamevuka, na feri imewavusha. Kauli ya kutendesha hutuonyesha mara moja ya kuwa yupo atendaye na yupo atendwaye. Kiingereza cha leo hakina mnyambuliko hai wa namna hiyo. Mara nyingine hutumia neno jingine, mara nyingine neno lile lile kwa maana zote mbili, na mara nyingine hulazimu fungu zima la maneno. Ndiyo sababu wanafunzi wengine huandika 'the ferry crossed us', wakitaka kusema feri ilituvusha, kama ilivyokuwa baina ya Kigongo na Busisi kabla ya daraja kufunguliwa mwezi Juni 2025. Kiingereza hutaka 'the ferry took us across'.

Hata hivyo Kiingereza hakikuwa hivyo daima. Katika lugha mama ya jamii ya Kijerumani, ambamo Kiingereza kilitoka, kilikuwako kiambishi cha kutendesha chenye sauti ya y. Sauti hiyo iliivuta irabu ya shina ikaibadili, kisha yenyewe ikatoweka. Kwa njia hiyo 'lie', kulala, ikapata mwenzake 'lay', kulaza. 'Sit', kuketi, ikapata 'set', kuweka. Na 'fall', kuanguka, ikapata 'fell', kuangusha mti. 'Raise' nayo ni kutendesha kwa 'rise', ila iliingia katika Kiingereza kutoka lugha ya Kinorsi cha kale. Msomaji atatambua kisa kinachofanana na hicho katika Kibantu: irabu nyembamba -i- iliibadili konsonanti iliyoitangulia, ikamezwa nayo au ikabaki y tu. Ndipo tukapata laza kwa lala, shusha kwa shuka, na ponya kwa pona.

Basi kipimo ni chepesi. Mwanafunzi na ajiulize: kwa Kiswahili ningetumia kauli ya kutenda au ya kutendesha? Maji ya ziwa yalipanda sana baina ya 1961 na 1964: hapana aliyeyapandisha kwa mkono, kwa hiyo ni 'rose'. Mvuvi hupandisha tanga, au kwa usemi wa pwani hulitweka: hapo ni 'raises'. Lakini mwalimu aonye juu ya mtego mmoja. Wakati uliopita wa 'lie' ni 'lay', na wa 'fall' ni 'fell'. Yaani umbo la kutenda lililopita limefanana kabisa na umbo la kutendesha la wakati uliopo. Pia aonye ya kwamba mgonjwa aliyelazwa hospitalini si 'laid' bali 'admitted', kwa sababu Kiswahili kimelipanua neno lake mahali ambapo Kiingereza hakikufanya hivyo.

Limebaki jambo la 'borrow' na 'lend', nalo ni gumu zaidi, kwa kuwa hapa Kiswahili chenyewe humpoteza mwanafunzi. Kitenzi azima kina pande mbili: niazime jembe ni ombi la kupewa, na nimeazima jembe kwa jirani ni habari ya kupokea. Anayeandika 'borrow me your pen' ametafsiri niazime kalamu yako neno kwa neno, wala hakubuni ovyo. Kinyume chake, kopa na kopesha haviachi shaka: akopaye ndiye adaiwaye, akopeshaye ndiye adaiye. Katika mwalo ambako mchuuzi humkopesha mvuvi fedha za nyavu ili alipwe samaki, hati ya Kiingereza yenye 'borrow' pahali pa 'lend' humgeuza mdai kuwa mdaiwa.

Kwa hiyo somo hili lianze kwa kopa na kopesha, na azima ifuate baadaye, pamoja na maelezo ya tofauti ambayo Kiingereza hakiionyeshi kwa vitenzi hivyo viwili: kitu kilichoazimwa hurudishwa chenyewe, lakini kilichokopwa hulipwa kwa kingine cha thamani yake. Walimu wa Kiingereza na wa Kiswahili, ambao mara nyingi hufundisha wakiwa mbalimbali, wangefaidika kuliandaa somo hilo pamoja.