Gasi: Makao ya Mazrui na Sikukuu Zake

Msafiri atokaye Ukunda kwa barabara ya Lunga Lunga, kabla hajafika Msambweni, hukuta njia ndogo ishukayo kati ya minazi mpaka Gasi, kijiji cha wavuvi kando ya ghuba tulivu. Na kama hakuambiwa, hatadhani kwamba hapa, katika karne ya 19, palikuwa maskani ya mtawala aliyewaudhi masultani wa Unguja na baadaye Waingereza.

Mwaka 1837, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alipowang'oa Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, waliosalimika waligawanyika, wengine wakaenda Takaungu na wengine wakashukia Gasi. Hapa ndipo Mbaruk bin Rashid, mwana wa liwali wa mwisho wa Mazrui huko Mombasa, alipojenga enzi yake. Alikuwa na watumwa waliochukua silaha, jambo lisilofaa kufichwa tunapomsifu kwa ushujaa, na alikuwa na ngome huko Mwele, katika vilima vya Shimba. Lakini Gasi yenyewe aliikalia kwa kuelewana na Wadigo na Waswahili waliomtangulia, ambao pasi na ridhaa yao asingalipata chakula wala maficho.

Habari ya kuanguka kwake ni fupi. Mwaka 1895 ilizuka ikhtilafu juu ya urithi wa Takaungu, Waingereza wakaingilia, na Mbaruk akasimama na jamaa zake. Mwezi wa Agosti Amirali Rawson wa Waingereza akaitwaa Mwele, na mwaka uliofuata Mbaruk akavuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani, akaishi Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910.

Enzi ikaondoka, sikukuu zikabaki, na kwangu mimi sikukuu ndizo ushahidi bora wa mji ulivyokuwa, kwa kuwa vita huonyesha nani alimshinda nani, ilhali karamu huonyesha nani alialikwa. Usiku wa Maulidi katika pwani hii ya kusini, mikeka hutandikwa uwanjani, na kitabu cha Barzanji, kilichotungwa na mwanachuoni wa Madina, husomwa kwa zamu, kila msomaji akijitahidi kumpita mwenziwe kwa sauti; ikifikiwa habari ya kuzaliwa kwa Mtume, umati wote huinuka kwa kiyamu, chetezo cha udi hupitishwa safu kwa safu, na kijana mwenye mrashi huwanyunyizia wageni marashi ya waridi viganjani, nao hujipaka nyusoni kwa taadhima. Kisha huja masinia ya pilau, watu wanne au watano kwa sinia moja, na hapo haulizwi mtu ukoo wake.

Arusini mambo hubadilika. Wadigo huleta sengenya yao, ngoma kadhaa zilizopangwa pamoja, upatsu, na zumari iliayo juu ya vyote. Wanawake wa Kiswahili hucheza chakacha. Na mzee anayejua kasida za Kiarabu huweza kusimama kutazama ngoma ile, maana mama yake aghalabu alitoka Kinondo au Muhaka, kwenye makaya, makazi ya kale ya Wadigo. Siku ya Mwaka, iliyotujia kwa hesabu ya Nairuzi ya Waajemi, desturi ya kale katika miji ya Waswahili ilikuwa kumzungusha ng'ombe mjini kwa dua, kisha kumchinja na kumla pamoja, ili balaa ipite mbali. Wapo maulamaa walioipinga, na sababu zao ni za dini. Lakini sioni haya kusema kwamba ningependa vijana waijue kabla haijasahauliwa.

Wala si sikukuu tu zilizobaki. Mikoko iliyoisitiri bandari ya Mbaruk, na ambayo boriti zake ziliezekea nyumba za mawe hadi Arabuni, ilikatwa mno katika karne iliyopita, ikapandwa tena kwa juhudi za wenyeji na watafiti. Tangu mwaka 2013, Gasi na jirani yake Makongeni huuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za msitu huo, kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja, na wanakijiji wenyewe huketi mkutanoni kuamua fedha ziende kwenye maji au kwenye skuli.