Kufundisha Neno "Sega"

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tulihudhuria somo la Kiswahili la Darasa la Nne katika shule moja ya kando ya Ziwa, mkoani Mwanza. Mwalimu mwanafunzi alipolifikia neno "sega" aliandika ubaoni: sega ni mzinga wa nyuki. Mtoto mmoja akanyosha mkono. "Hapana, mwalimu. Mzinga babu huutundika mtini. Sega limo ndani." Aliambiwa anyamaze, wala hakunyosha mkono tena hadi kengele ilipolia.

Mtoto ndiye aliyesema kweli. Mzinga ni chombo cha binadamu: gogo lililochongwa uwazi ndani, au gome la mti. Sega hujengwa na nyuki wenyewe kwa nta itokayo chini ya matumbo yao, na hupatikana hata katika tundu la mti lisilo na mzinga wowote. Nta ni kitu chenyewe. Sega ni jengo lililofanywa kwa kitu hicho. Ndani ya vijumba vyake nyuki huweka asali, chavua, na majana, yaani watoto wa nyuki wasioota mabawa bado. Ndiyo maana twasema sega la asali, sega la majana, sega tupu. Katika sentensi: sega hili limejaa, masega haya yamejaa.

Wahispania huliita sega "panal", jina lililotokana na "pan", yaani mkate. Kila watu hufananisha na kile walichokizoea. Mtoto wa mwaloni amezoea wavu. Basi mwalimu na aanzie hapo. Tundu la wavu wa sato lina pande ngapi? Nne. Na kijumba cha sega? Asijibu mwalimu, watoto wahesabu wenyewe juu ya sega halisi. Mjini, ambako asali huuzwa chupani ikiwa imekwisha kuchujwa, kifaa hiki ni cha lazima zaidi, kwani huko mtoto aweza kuijua asali miaka yote asilione sega.

Tulimshauri mwalimu yule alifute kosa lake mbele ya darasa lile lile, jambo lisilo jepesi kwa mgeni wa kazi. Alikubali, akamwomba mtoto aeleze. Kesho yake mtoto alikuja na kipande cha sega kikavu, amekifunga katika jani la mgomba. Wenziwe walikizunguka wakihesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.